Muuza Jamu Aliyetobolewa Tumbo na Unga Aliouuza Mwenyewe

Jua ndiyo kwanza linachungulia na mashine ya kukoboa mpunga ya kijiji cha Karangsawo imeshaanza kukohoa. Vumbi la pumba limejaa hewani. Siyem anaegemeza baiskeli yake ukutani, anafuta mdomo wa chupa kwa kanga, anapanga glasi zake juu ya gunia.

Makuli wachache wanamzunguka, vifua wazi, taulo shingoni. Wamekuja kunywa jamu, ile dawa ya manjano na mizizi ambayo hapa mtu akiikosa asubuhi anajiona hajavaa suruali.

"Mbok, nipe ule unga wa fahali," anasema Paidin, kuli mkubwa kwa umri kuliko wote, mkono mmoja kiunoni. Mbok ni mama kwa lugha ya huku; Kang ni kaka.

"Sina."

"Unao. Nipe."

"Sina, Kang. Nilikwambia wiki iliyopita, nikakwambia tena juzi. Umetia nini tumboni leo?"

"Moshi wa sigara."

Wenzake wanaangua kicheko. Siyem hacheki. Anafunua kikapu, anatoa kipande cha muhogo wa kuchemsha, anamsukumia.

"Kula kwanza ndipo nikumiminie."

"Kumbe siku hizi umekuwa mama ntilie?"

"Nimekuwa mama yako. Kula."

Paidin anakula nusu, iliyobaki anawarushia kuku. Akimeza anakunja ngumi, anaikandamiza chini ya chembe cha moyo, kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Anadhani hakuna aliyemwona. Siyem amemwona, na muda wote aliopo pale macho yake hayabanduki kwake.

Maumivu hayo anayajua. Yalikuwa yake.

Jina lake kamili ni Warsiyem, miaka hamsini na miwili. Mama yake alikuwa muuza jamu, bibi yake pia. Alianza kubeba chupa mgongoni kwa kitambaa akiwa msichana wa kuota ziwa, akatembea mitaa yote ya huku mpaka visigino vikawa kama gamba la mti. Baiskeli aliipata baadaye, mtoto wake Sutris alipoanza kazi ya kuendesha trekta la mkono.

Kazi yenyewe haina siri. Unaamka kabla ya jogoo, unasaga manjano, unachemsha ukwaju, unakamua tangawizi, unachuja, unapakia chupa, unatoka. Ukiingia mtaani unaita. Mtu akinywa ile chungu, unamtilia glasi ndogo ya maji ya tangawizi na sukari bure aoshe ulimi. Usipomtilia, kesho hanunui.

"Watu wanadhani muuza jamu haumwi," anasema. "Wanakuangalia wewe kwanza kabla ya kuangalia chupa. Ukikohoa mbele yao, umekwisha. Mimi nilijifunza kukohoa nikiwa chooni."

Mgongo ndio ulioanza. Miaka yote ile ya chupa ilimrudia kiunoni, hasa akiinuka asubuhi. Jamu yake mwenyewe ikawa haimfai. Ndipo akaja jamaa mmoja wa pikipiki na boksi la pakiti ndogo, kila moja ina picha ya fahali mwekundu. Unga wa mizizi, akasema. Majani matupu. Koroga kwenye jamu, piga, ondoka.

Siyem akapiga. Kabla maji hayajachemka jikoni, kiuno kimenyamaza.

"Nilicheza," anasema. "Kweli kabisa, nilicheza pale jikoni na mwiko mkononi."

Hakuwa mchoyo. Aliwapelekea makuli wa kinuni, watu wanaobeba magunia kutwa. Nao wakacheza. Ikawa kila asubuhi wanasukumana mbele ya baiskeli yake wanataka fahali. Msimu ule wa mavuno alirudi nyumbani na faida ya kama rupia laki moja na nusu kwa siku, hela ambayo mama yake hakuwahi kuiona mahali pamoja.

Halafu tumbo likaanza.

Mwanzoni kiungulia tu. Siyem akafanya ambalo kila mtu wa hapa angefanya: akasema ni upepo umemwingia. Jirani yake Sumirah akampaka mafuta, akamkwangua mgongo kwa sarafu mpaka michirizi ikawa myekundu kama mbavu za samaki. Akajisikia vizuri siku moja. Kesho yake likarudi, limekuja na msokoto, tumbo linanyongwa kama nguo inayokamuliwa.

Akaongeza jamu. Manjano na ukwaju, glasi mbili, alfajiri, tumbo halina hata punje ya wali. Ukwaju ule mkali ukashuka juu ya kidonda kama ndimu kwenye mkwaruzo.

Jamu ikishindwa, kuna kioski. Kwenye kioski pale kona vidonge vinakatwa kimoja kimoja na mkasi, jina la dawa linabaki upande wa muuzaji, wewe unaondoka na kidonge chako kwenye kikaratasi. Akaomba cha msokoto wa tumbo. Akapewa. Kikatuliza kweli. Kwa hiyo akaendelea kunywa fahali asubuhi kwa ajili ya mgongo, jamu kwa ajili ya tumbo, kidonge mchana kwa ajili ya msokoto, na baiskeli ikaendelea kutembea.

Hakuna aliyemuuliza. Nani atamuuliza muuza dawa anakunywa dawa gani?

"Choo kilipokuwa cheusi nilijiambia ni ule uji wa mchele mweusi," anasema. "Sumirah anaupika kila Jumapili. Nilikuwa nakula kijiko kimoja ili niwe na cha kusingizia."

Alianguka hapo hapo kinuni, mbele ya wateja, glasi ikiwa mkononi. Wengine wakasema upepo. Mmoja akakimbilia sarafu. Paidin hakungoja. Alimbeba begani kama anavyobeba gunia, akamtupia kwenye lori la mpunga, akamwambia dereva akanyage mpaka zahanati.

Mtoa dawa wa zahanati anaitwa Wulansih, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamuru. Siku ile nesi alikuwa anatafuta mshipa, yeye akamwinamia Siyem kitandani.

"Mama, umekunywa nini?"

"Jamu."

"Jamu gani?"

"Yangu mwenyewe. Manjano na ukwaju."

"Na nini kingine?"

"Hakuna."

"Mama, midomo yako imekuwa kama karatasi. Nakuuliza tena. Na nini kingine?"

"Nimesema hakuna."

Paidin alikuwa amesimama mlangoni, jasho linamtoka, taulo lake limelowa. "Mwongo," akasema. Akatia mkono kwenye mfuko wa kaptura, akatoa pakiti ya fahali, imekunjwakunjwa. "Hii hapa, dada. Anakunywa kila siku. Mimi nakunywa. Nusu ya watu mle kinuni wanakunywa. Na ana vidonge vya kioski kwenye kikapu, nimemwona akimeza nyuma ya pumba."

Siyem anasema angekuwa na nguvu angemrushia kiatu.

Wulansih akaigeuza pakiti huku na huku. Haikuwa na jina la kiwanda, haikuwa na namba yoyote. "Wameandika majani," akasema. "Majani hayanyamazishi kiuno kabla chai haijapoa." Hakutaka kuapa kilichomo bila kupimwa. Lakini alishaona unga wa namna ile, ndani yake wanasagia dawa kali za kutuliza maumivu, na dawa za jamii hiyo zikinywewa kila siku, tena tumbo tupu, zinachubua ukuta wa tumbo mpaka linavuja damu.

Alipelekwa hospitali ya mjini. Wakamwongeza damu. Wakamwingiza mpira wenye kamera mdomoni wakaona kidonda, wakampa dawa ya kupunguza asidi na amri ya kukaa mbali na unga wowote usio na jina.

Aliporudi zahanati kuchukua dawa zake, alimuuliza Wulansih swali lililokuwa limemkaa kooni. Kile kidonge cha msokoto nacho kilikuwa sumu?

"Hapana, mama. Dawa ya msokoto ina kazi yake. Tumbo likinyonga na unajua sababu, unameza kipimo chake, linatulia, unaendelea na maisha. Wewe tumbo lilikuwa linapiga kelele moto, moto, ukalifunga mdomo."

Siyem akazitia dawa kwenye kikapu. Halafu akasema, "Na wale wa kinuni?"

"Hao unawajua wewe."

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza.

Nyumbani Sutris alikuwa na jibu tayari. "Mama, acha kuuza basi. Wakiuliza sema mzigo haujaja. Kwani kuna mtu atakushtaki?"

"Na wakienda kununua kwa yule wa pikipiki?"

"Hiyo juu yao."

"Mimi ndiye niliyewaonjesha, Sutris."

"Ukisema, jina limekwisha. La bibi limekwisha, la mama yake bibi limekwisha. Utauza nini? Maji ya bomba?"

Mtoto hakukosea. Muuza jamu hana duka, hana cheti ukutani, hana koti jeupe. Ana jina tu. Mtu anakunywa kitu kichungu asichokijua kwa sababu mkono unaomimina anaujua. Ukisema mkono huu ulikutilia kibaya, nani ataleta glasi tena?

Alikaa nyumbani anapona, akiangalia baiskeli. Siku aliyoipanda tena hakuwa na fahali kwenye kikapu. Alifika kinuni, akangoja mashine izimwe kwa ajili ya chai, akasema.

Hakusema vizuri. Alirudia maneno. Aliwaambia ule unga ulimtoboa tumbo. Aliwaambia yeye ndiye aliyewaletea. Aliwaambia mwenye kiungulia kisichoisha, mwenye kutapika kitu kama mbegu za kahawa, mwenye choo cheusi kama lami, asingoje.

Kuli mmoja akatema mate. "Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unatunywesha sumu?"

"Ndiyo," akasema Siyem. "Sikujua, lakini ndiyo."

"Na hela yetu?"

"Nimeila."

Mwingine akapiga mluzi. Mwingine akasema mwanamke ana tumbo laini, asilinganishe na la mwanamume anayebeba magunia. Huyo alikuwa Paidin. Ndiyo, yule yule aliyetoa pakiti zahanati. Kumsaliti mwenzako ili apone ni kitu kimoja. Kujishuku mwenyewe ni kingine.

Kesho yake waliokuja kwenye baiskeli hawakujaa hata kivuli chake. Wa pikipiki akaanza kupita kinuni mwenyewe. Siku hizi Siyem akirudi na rupia elfu sitini anashukuru Mungu, na mara nyingi hazifiki.

Siyo wote walioondoka. Karakana ya tofu, ile jibini ya soya, upande wa pili wa mto ina wasichana wengi, na kila mwezi chango linapowashika wanataka manjano na ukwaju. Mmoja wao, Giyarti, ana ulimi kama wembe. Asubuhi hii Siyem akitoka kinuni anapita kwake, anamkuta amejikunja juu ya ndoo ya maharage ya soya, mkono tumboni.

"Mwezi?" anauliza Siyem.

"Mwezi. Linaninyonga balaa. Nipe glasi kubwa, nina kidonge changu hapa, nikishushie humo humo."

"Hushushii humo."

"Mbok, usianze."

"Kidonge gani? Nionyeshe."

Giyarti anatoa. Safari hii kiko kwenye karatasi yake ya bati, jina linasomeka. Siyem anaushika ule ukanda kwa mbali, macho hayamsaidii sana. "Nisomee."

Giyarti anasoma. Kimoja, baada ya chakula, visizidi vitatu kwa siku.

"Umekula?"

"Tofu ya kukaanga na wali."

"Basi meza na maji. Leo jamu yangu uiache. Kimoja kwa wakati mmoja, ili kikikudhuru ujue ni kipi. Na kama una dawa nyingine ya maumivu umemeza asubuhi kwa kichwa sijui kwa nini, hiki usimeze."

"Sijameza kitu."

"Maumivu ni yale yale ya kila mwezi?"

"Yale yale."

"Hayajahamia kulia huku chini? Hutapiki? Huna homa? Mwezi haujachelewa?"

"Mbok, mbona unanihoji kama polisi? Mume mwenyewe sina."

Wasichana wanacheka. Siyem naye anacheka, mara ya kwanza leo. "Likiwa tofauti na ulivyolizoea, kidonge usimeze. Unakwenda kwa Wulansih, na hiyo karatasi unaishika mkononi wajue umekunywa nini. Karatasi usitupe mpaka dawa iishe."

Giyarti anameza kwa maji. Halafu anamwangalia, ule utani umemtoka usoni. "Mimi nikuulize. Ulituambia fahali ni majani. Leo unatuambia hivi. Nitajuaje kama leo ndiyo unasema kweli?"

Siyem anashika usukani wa baiskeli.

"Hujui," anasema. "Ndiyo maana nimekwambia usome wewe."

Saa nne anarudi kinuni. Kwa kawaida hupita mara moja tu, lakini leo kuna kitu kinamvuta. Mashine imezimwa, makuli wamejilaza kwenye magunia wakivuta sigara. Paidin hayupo.

Anamkuta nyuma ya kilima cha pumba, amechuchumaa, paji la uso limeegemea magoti.

"Kang."

"Niache nipumzike."

"Kang, niangalie."

Paidin anainua uso. Rangi yake ni ya unga wa mchele. Anaangalia pembeni, anahakikisha hakuna anayesikia, halafu anasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu, "Choo changu kimekuwa kama lami."

"Tangu lini?"

"Unataka kunitangaza?"

"Tangu lini, mwanaume wewe?"

"Majuzi. Juzi. Sijui. Nilimeza kidonge cha msokoto, tumbo likatulia, nikaona yameisha."

"Inuka."

"Nina magunia ya kumalizia, Mbok. Tajiri amesema lori linaondoka adhuhuri."

"Magunia hayavuji damu. Inuka."

"Watanicheka."

"Watakucheka leo. Ukifa hawatakucheka, watakula wali wa matanga yako halafu wataendelea kubeba. Inuka, nakwambia!"

Anampigia kelele kiasi kwamba makuli wote wanainua vichwa. Wanakuja. Yule aliyetema mate siku ile anamwangalia Paidin, anamwangalia Siyem. Anakwenda kuwasha pikipiki yake. Paidin anawekwa katikati, Siyem anakaa nyuma akimshikilia kiunoni asianguke. Baiskeli, chupa na glasi vinabaki pale ukutani, vikilindwa na watu waliokuwa hawanunui tena.

Pale zahanati, Paidin anatoa pakiti mbili za fahali mwenyewe kabla ya kuulizwa, anaziweka mezani kama mtu anayelipa nauli. Wulansih anaita gari la kumpeleka mjini. Hana muda wa kubembeleza mtu.

"Ana kidonda kinachovuja, nadhani," anamwambia Siyem kwenye veranda. "Wataona kule. Lakini ana mapigo mazuri. Yeye ameingia kwa miguu yake, mama. Wewe uliletwa begani."

Gari liko tayari kuondoka. Mke wa Paidin amefika akikimbia, ndala moja imekatika, ameingia na ndala hiyo mkononi. Amemwona Siyem, akasita. Mume wake alikunywa ule unga kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwanamke huyu, na wote wawili wanajua. Hakumtukana, hakumshukuru pia. Alipanda gari, mlango ukafungwa, likaondoka.

Siyem amekaa kwenye benchi la zahanati, mikono imetulia mapajani, njano ya manjano haitoki kwenye kucha zake. Mgongo unamuuma. Siku hizi anaukanda kwa maji ya moto na anapumzika kila anapochoka, na anakiri kwamba hiyo haifanyi kazi nzuri kama fahali.

Ana mpango. Amemwomba mwenye kinu kipande cha ukuta chini ya paa la nje, upana wa mkeka tu. Anataka kuacha kuzunguka. Ataweka jiko, wali na uji wa asubuhi, chupa zake, na bango litakaloandikwa na mtoto wa shule kwa herufi kubwa, kuonyesha kilichomo ndani ya kila chupa. Mwenye kinu hajajibu. Makuli wengine wamesema watamfukuza, wengine wamesema watamjengea kibanda, na huenda ni watu wale wale.

Kwa nini akae mahali palepale ambapo wengi bado wana hasira naye?

"Yule wa pikipiki, hakuna anayejua anakolala," anasema. "Tulimtafuta. Namba yake ya simu haipo. Jina alilotupa si lake." Anaangalia barabara ambako gari limepotelea. "Mimi nataka nikae sehemu moja. Nikimwumiza mtu tena, ajue mlango wa kuja kugonga."